Trekta Linalia Baada ya Kubadilisha Klachi: Namna ya Kumpata Mchawi Kabla Hujalipasua Tena

Kuanzia Novemba, wakulima wa bonde la Usangu wanapoanza kuwasha matrekta, simu ninazopigiwa karibu zote zinafanana: "Fundi, nimefunga klachi mpya wiki iliyopita, sasa linalia kuliko mwanzo." Na aliyefunga ameshatoa hukumu yake: spea feki, lipasuliwe tena.

Spea feki zipo, sikatai. Ila kulipasua trekta katikati, yaani kutenganisha injini na giaboksi, ni kazi ya siku nzima kwa watu wawili wenye vifaa, na nimeona watu wakilipasua mara tatu kwa kosa ambalo lilikuwa nje, kwenye springi ya pedeli. Pedeli hiyohiyo ndiyo shahidi wako mkuu. Kelele hubadilika kadiri unavyoikanyaga, na kila badiliko lina maana yake.

Mifano yangu ni Massey Ferguson 240 na 290 zenye klachi ya hatua mbili, kwa kuwa ndizo ninazozishika kila siku. Kama lako ni la klachi moja, ruka tu sehemu za PTO, ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine.

## Vitu vya kuandaa

- Kabari nne za mbao ngumu au mawe makubwa ya kuzuia matairi
- Rula au futi kamba
- Kipande cha mpira wa maji, urefu wa mita moja hivi, kwa ajili ya kusikilizia
- Spana za kawaida, bisibisi, tochi
- Fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi ndogo) na venia, ukifika kwenye vidole vya klachi, vile vijiti vinavyosukumwa ili klachi iachie
- Chaki ya kuwekea alama
- Kitabu cha trekta lako, au picha za kurasa zake kwenye simu
- Msaidizi mmoja anayesikia maelekezo. Asiyesikia ni hatari kuliko kukosa msaidizi.

Usinunue spea yoyote kwa sasa.

## Kwanza elewa: nini kinazunguka, nini kimesimama

Ukiruka sehemu hii, majaribio yote ya mbele yatakuwa kubahatisha.

Pedeli ikiwa juu, klachi imeshika. Flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), klachi pleti (sahani inayobanwa juu yake) na shafti ya giaboksi vinazunguka pamoja kama kitu kimoja. Pailoti, ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili na kubeba ncha ya shafti, inazunguka na wenzake, kwa hiyo ndani yake hakuna msuguano. Rilizi, yaani beringi inayosukuma vidole vya klachi, inatakiwa iwe imesimama kabisa.

Ukigusa pedeli kidogo, rilizi inavikuta vidole na kuanza kuzunguka.

Ukifika nusu kwenye klachi ya hatua mbili, pleti ya giaboksi inaachia. Shafti ya ndani, ile ya giaboksi, inasimama ilhali flaiwili inaendelea. Hapo ndipo pailoti inapoanza kazi. Shafti ya nje, inayoendesha PTO, bado inazunguka, na kwenye hizi Massey ndiyo inayoendesha pampu ya haidroliki ya kunyanyulia plau.

Ukikanyaga hadi chini, PTO na pampu navyo vinasimama. Ndiyo maana ukibana pedeli yote, plau halinyanyuki. Wengi hudhani ni ugonjwa, kumbe ndivyo lilivyoundwa.

## Hatua ya 1: Lifunge trekta lisitembee

Egesha mahali tambarare, nje, penye hewa. Vuta hendibreki, weka kabari mbele na nyuma ya tairi zote mbili kubwa. Plau literemshwe chini. Gia kwenye nyutro, PTO imetolewa, na shafti ya mashine yoyote ya nyuma ivuliwe kabisa.

Sababu ni kwamba utaijaribu klachi ambayo huna hakika nayo. Klachi iliyofungwa vibaya inaweza kukataa kuachia, na trekta likaruka mbele pedeli ikiwa chini. Hakuna mtu wa kusimama mbele wala nyuma yake. Msaidizi avue shuka, kanga, au shati lililolegea.

## Hatua ya 2: Pima plei ya pedeli

Injini ikiwa imezimwa, bonyeza pedeli kwa mkono, siyo kwa mguu. Mguu hauna hisia. Pedeli itashuka mwanzoni kwa ulaini, kisha utasikia uzito. Pima kwa rula umbali wa ule ulaini; hiyo ndiyo plei.

Matrekta mengi yenye klachi ya kuvutwa kwa fimbo hutaka milimita 20 hadi 30 pale mguu unapokanyagia. Kitabu chako kikisema tofauti, kifuate, na angalia kinapimia wapi, maana vingine havipimi kwenye pedeli bali kwenye mkono wa klachi, na namba yake huwa ndogo zaidi. Mengine mapya yenye klachi ya haidroliki yameundwa rilizi iguse vidole muda wote, kwa hiyo usianze kutafuta plei isiyokuwepo.

Baada ya kufunga pleti mpya, ambayo ni nene kuliko ile iliyoisha, vidole vinabadili mahali na plei ya zamani haiwi sahihi tena. Ikibaki kubwa mno, klachi haiachii vizuri; fundi akiirekebisha hadi ikaisha yote, rilizi inazunguka saa zote, hata unapolima na mguu uko mbali. Italia, itapata joto, itakufa.

Sasa washa injini na uiache sailensa, yaani mwendo wa chini bila kuongeza mafuta. Ingiza ncha ya kiatu chini ya pedeli, uinyanyue taratibu. Kelele ikikatika hapohapo, umempata mchawi: springi ya kurudishia pedeli imelegea au haikurudishwa, au mhimili wa pedeli umekauka na unaing'ang'ania. Paka grisi, badilisha springi, rekebisha plei.

Ukifaulu: pedeli inarudi yenyewe hadi juu, plei ipo, na kelele ya muda wote imeondoka.

## Hatua ya 3: Kagua vya nje

Hapa usikae sana. Zima injini, kisha shika bati la kifuniko chini ya hauzingi (kasha) ya klachi. Likiwa limepinda wakati wa kufunga, linagusa flaiwili na kutoa mlio wa chuma unaoongezeka na mwendo wa injini. Kagua bolti zote zinazounganisha injini na giaboksi. Trekta halina fremu kama gari, injini yenyewe ndiyo sehemu ya uti wa mgongo, na bolti moja iliyolegea huleta mtetemo na mgongano unaofanana sana na klachi mbovu.

Kagua na stata. Jino lake lisiporudi linaendelea kusaga ringi gia, yale meno ya pembeni mwa flaiwili, na mtu anailaumu klachi bure.

## Hatua ya 4: Jaribio la pedeli

Hapa ndipo pa kutulia. Pasha injini moto kwa dakika kumi, iache sailensa, nyutro. Fanya jaribio lote mara tatu, na kila mara andika ulichosikia kabla ya kuanza kufikiria maana yake. Sikio lililokwishaamua husikia linachotaka.

a) Pedeli juu, hujaigusa. Sikiliza dakika nzima. Mgongano mwepesi wa sailensa unaoyeyuka ukiongeza mafuta kidogo mara nyingi ni meno ya gia na springi za katikati ya klachi pleti. Injini ya dizeli ya silinda tatu hupiga kwa mikupuo, na gia hujibu. Kama ni mwepesi, achana nao. Mngurumo mzito unaopanda pamoja na injini ni jambo jingine: beringi ya shafti ya giaboksi, au upande wa PTO na pampu.

b) Gusa pedeli hadi usikie uzito, usizidishe. Kelele ikianza hapohapo, kama mluzi au mchakacho mkavu, mshukiwa ni rilizi. Ukihisi pedeli inapigapiga nyayo kwa mdundo, si beringi peke yake: vidole havilingani urefu, na rilizi inapanda na kushuka kila mzunguko.

c) Shuka hadi nusu, ngoja hesabu ya kumi. Mngurumo uliokuwepo pale (a) ukikatika hapa, beringi ya shafti ya giaboksi ndiyo inayolalamika, na klachi mpya haina hatia. Mara nyingi ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ila kelele ya klachi ya zamani ilikuwa inaifunika.

Lakini kelele ikizaliwa hapa, tena ikija polepole kadiri shafti inavyopunguza mwendo, ni pailoti. Ndiyo tofauti yake na rilizi: rilizi hulia mara unapoigusa, pailoti husubiri shafti isimame.

d) Kanyaga hadi chini. Mngurumo uliobaki pale (c) ukikatika sasa, tafuta upande wa PTO na pampu ya haidroliki. Usiipasue klachi kwa kelele hiyo. Pima oili ya giaboksi kwanza. Kwenye hizi Massey ndiyo hiyohiyo inayotumiwa na haidroliki, na ikipungua pampu huvuta hewa na kulia.

Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma pedeli inapokaribia mwisho, acha na uzime injini. Huenda pleti imefungwa kinyume na kitovu chake kinagusa bolti za flaiwili. Huenda pia plei imerekebishwa vibaya na vidole vinasukumwa kupita kiasi hadi vigonge pleti.

e) Kuthibitisha pailoti. Pedeli chini, breki zimebanwa, kabari ziko mahali pake, ingiza gia. Sasa shafti imeshikwa kabisa na pailoti inazunguka kwa kasi yote ya injini. Kelele ikiwa kali na safi zaidi kuliko nyutro, ndiyo yenyewe. Rilizi haijali gia; mlio wake hubaki vilevile. Gia ikikwaruza na kukataa kuingia, usiilazimishe. Hapo klachi haiachii, na hilo linakwenda hatua ya 6.

f) Hili ni la kabari zikiwa zimeondolewa: kelele wakati wa kuachia pedeli, trekta linapotaka kuondoka. Likitetemeka na kugonga kisha likatulia likishashika mwendo, tafuta oili au grisi kwenye pleti, uso wa flaiwili uliopinda, au vidole visivyolingana. Harufu nyepesi ya kuungua katika saa za mwanzo za pleti mpya huwa ya kawaida. Ikidumu, klachi inateleza.

Kuna kelele moja isiyofuata pedeli hata kidogo: mgongano mzito, wa chini, unaokwenda na injini kila mzunguko. Zima mara moja. Bolti za flaiwili zinaweza kuwa zimelegea, na flaiwili inayoachia ina uzito wa kuvunja hauzingi na mguu wa dereva.

## Hatua ya 5: Sikiliza kwa mpira

Shikilia ncha moja ya mpira wa maji sikioni, nyingine isogeze juu ya hauzingi ya klachi, kisha eneo la shafti, kisha giaboksi, kisha nyuma karibu na pampu. Kelele itakuwa na nyumba yake. Wakongwe hutumia bisibisi ndefu iliyobanwa kwenye mfupa wa sikio, na inasikika vizuri sana, ila ukiteleza karibu na feni umekwisha. Mpira haupokei hisia nzuri hivyo, lakini unakurudisha nyumbani na jicho lako.

Mahali pa kelele pakipingana na jibu la hatua ya 4, rudia hatua ya 4. Usichague jibu unalolipenda.

## Hatua ya 6: Chungulia kwa dirishani

Matrekta mengi yana kifuniko kidogo cha ukaguzi kwenye hauzingi ya klachi. Zima injini, toa waya wa betri, kifungue, mulika tochi.

Zungusha injini kwa mkono ili kila kidole kipite mbele yako. Weka alama ya chaki kwenye cha kwanza. Pima nafasi kati ya kila kidole na uso wa rilizi kwa fila geji. Visipishane zaidi ya nusu milimita, na kitabu kikitaka pungufu ya hapo, ndicho cha kufuata. Kwenye klachi ya hatua mbili kuna pia bolti za kurekebishia upande wa PTO. Zote zilingane, kila moja na nati yake ya kufungia.

Angalia rilizi imekaa sawa kwenye mikono ya uma wake. Vibanio vidogo vya kuishikilia husahauliwa chini ya meza ya fundi. Bila vibanio, rilizi inakaa mshazari, inalia, na siku moja inaruka. Angalia pia unyevu: oili inayotiririka ndani inatoka sili ya nyuma ya krenki au sili ya giaboksi, na pleti iliyolowa haitapona kwa kufutwa.

Ukifaulu: vidole vinalingana, pedeli haipigi tena mguu, na gia zinaingia bila kukwaruza. Hapo hupasui kitu.

## Hatua ya 7: Ikibidi kupasua

Umebaki na pailoti, rilizi, pleti iliyogeuzwa, beringi ya shafti au bolti za flaiwili. Sasa kupasua ni halali.

Kabla ya kulegeza bolti hata moja, piga kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na injini, kila upande. Ekseli ya mbele inabembea kwenye pini yake. Ukishatenganisha, injini haina cha kuizuia kupinduka upande isipokuwa kabari hizo. Weka stendi imara chini ya kila nusu; jeki peke yake si stendi.

Vumbi la klachi usilipulize kwa kompresa wala mdomo. Pleti za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake huua mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa, ukitupe.

Ndani, kagua kwa mpangilio huu:

Pailoti. Ingiza kidole, izungushe, isikilize. Mimi mwenyewe niliwahi kulipasua trekta la mtu mara mbili kwa sababu yake. Nilikuwa nimefunga klachi nzima mpya na kuibakiza pailoti ya zamani kwa kuwa ilizunguka vizuri, ila kwa usafi wangu niliiosha kwa petroli. Nikaosha grisi yote. Siku ya tatu ilipiga kelele kama mbuzi, na gharama ya marudio ilinihusu mimi. Ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote humo ndani. Kila ukifungua, weka mpya. Shamba la mpunga huingiza maji na tope huko, hata kama huoni.

Pleti. Soma maandishi yake yanayoonyesha upande wa flaiwili. Iteleze kwenye meno ya shafti kwa mkono: iende bila kukwama na bila kuchezacheza. Meno yapakwe grisi kidogo sana, kiasi cha kung'aa, kisha ufute. Grisi ya kujaza kidole hurushwa na mzunguko hadi kwenye pleti, na unarudi kwenye mtetemo wa 4(f).

Flaiwili. Kaza bolti zake kwa spana ya kupimia, kwa namba ya kitabuni. Uso wenye mabaka ya bluu, nyufa au mifereji upelekwe kuchongwa.

Uma na rilizi. Izungushe rilizi huku ukiibana kwa kiganja. Ikikwaruza hata kidogo, toa, ingawa ni mpya. Huu ndio ushahidi wa spea feki, na sasa unao mkononi wa kumwonyesha muuzaji.

Wakati wa kurudisha, wengi ndipo wanapoua klachi mpya. Iweke pleti katikati kabisa kwa shafti ya zamani au mti uliochongwa kwa kipimo. Sogeza nusu mbili taratibu huku msaidizi akizungusha injini kwa mkono ili meno yaingiane. Zibaki na nafasi ya kidole zikagoma? Rudi nyuma, tazama. Usizivute kwa kukaza bolti. Uzito wa giaboksi ukilalia kitovu cha pleti unaipinda, na pleti iliyopinda haiachii sawasawa hata uirekebishe vipi. Hakikisha pini za kuongozea hauzingi zipo zote. Zikikosekana, shafti inakaa pembeni kwa kiasi usichokiona kwa macho na pailoti inakula upande mmoja.

## Hatua ya 8: Jaribio la mwisho

Rekebisha plei upya, hata kama hukuigusa fimbo. Rudia hatua ya 4 yote, kuanzia (a) hadi (f). Kelele nyepesi ya rilizi ukiwa umekanyaga pedeli, inayofanana na upepo, inakubalika. Inayosikika juu ya sauti ya injini haikubaliki.

Nenda na trekta tupu kwanza, gia ndogo, kanyaga na kuachia klachi mara ishirini hivi. Kisha shambani kwa kazi nyepesi, haro kabla ya plau. Mwambie dereva asipumzishe mguu juu ya pedeli; mguu uliolala pale unaitumikisha rilizi kutwa nzima.

Baada ya saa kumi za kazi, pima plei tena. Pleti mpya inapojikalia hupungua kidogo, plei nayo hupungua, na trekta lililokuwa kimya linaweza kuanza kulia wiki ya pili. Zungusha nati ya fimbo, funga, endelea kulima.